Hofu ya Kusema Kazini, na Namna ya Kuipunguza

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Songea



Halmashauri ya chama imeniomba niseme maneno machache jioni hii juu ya kazi zetu za ofisini. Nilipewa ruhusa ya kuchagua habari niipendayo, nami sikuchagua mishahara wala uhamisho, maana habari hizo hapana asiyezijua, na kila mkutano twazirudia. Nimechagua habari ya hofu. Nasema hofu ile ndogo imkaayo karani kooni asubuhi, aonapo kwamba hesabu haikwenda sawa katika jalada lililokwisha tiwa sahihi na mkubwa wake, naye hajui kama aseme ama anyamaze.

Wataalamu wa mambo haya wana jina lao kwa hali iliyo kinyume cha hofu hiyo. Waiita usalama wa kisaikolojia. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi. Ni watu wafanyao kazi pamoja kuamini ya kuwa mtu akiuliza swali, au akisema hajui, au akitaja kosa lake au la mwenzake, au akimpinga mkubwa kwa hoja, hatachekwa wala kutukanwa wala kuadhibiwa kwa sababu ya kusema kwake. Mimi nitaiita usalama wa moyo, mniwie radhi wenye kupenda majina marefu. Tena yafaa nionye mapema kwamba jambo hili si upole. Iko ofisi ambayo watu wake wote hucheka pamoja, hunywa chai pamoja, huchangiana harusi na misiba, na bado hapana awezaye kumwambia mwenziwe kwamba barua aliyoiandika haina maana.

Niwape mfano, usiwe mfano wa mbali. Mnajua kwamba tangu mwaka 2022 mkulima hupata mbolea ya ruzuku kwa kuandikishwa na kupewa namba yake, na asiye na namba hainunui kwa bei ile. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kazi ya kukusanya majina kutoka madaftari ya vijiji. Kijana mmoja aliyekuwa akiyanakili aliona kwamba kurasa mbili za kijiji kimoja cha mbali zimerukwa, na orodha imekwisha pelekwa mbele. Aliona mapema, zikiwa zimesalia siku kumi za kusahihisha. Lakini juma lililotangulia mwenziwe alisimamishwa mbele ya watu wote, akaulizwa kama shuleni alikwenda kusoma au kula ugali. Yule kijana akatazama kurasa zile, akatazama mlango wa mkubwa, akafunga daftari. Haya aliniambia mwenyewe, baada ya mambo kwisha haribika.

Mvua za Desemba zilipoanza, wakulima wa kijiji kile walikuja mjini, wengine juu ya malori, wengine kwa bodaboda walizolipa kwa mkopo, wakaambiwa majina yao hayamo. Wakarudi mikono mitupu. Nanyi mlio wenyeji wa mkoa huu hamhitaji kuelezwa jinsi mahindi yaliyokosa mbolea ya kupandia yanavyoota; majani huwa ya manjano tangu chini, na magunzi huwa membamba kama vidole. Ofisi ile ikafanya uchunguzi. Watumishi saba wakaandikiwa barua za kujieleza, wakajieleza kwa Kiswahili safi kabisa, kila mtu akaonyesha kwamba kosa halikupita mezani kwake. Majibu saba yakatiwa katika jalada. Neno moja tu lililokuwa likitakiwa, siku kumi kabla, halikuandikwa na mtu.

Sasa wako wazee watakaosema: kijana yule alikuwa mwoga, na dawa ya mwoga ni kufundishwa ujasiri. Mimi sioni hivyo. Kijana alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Akisema, aibu ni ya leo na ni yake peke yake. Akinyamaza, hasara ni ya kesho, nayo ni ya watu wengi asiowajua. Mtu yeyote mwenye mke na watoto, anayengoja kuthibitishwa kazini, aweza kupiga hesabu hiyo hiyo. Ofisi iliyopangwa hivyo huwafundisha watu wenye akili kunyamaza.

Wengine watasema ni heshima, na kwamba sisi si Wazungu wa kujibizana na wakubwa. Nami nimelelewa kama ninyi, nikaamkia wakubwa kwa shikamoo tangu sijaweza kuitamka vizuri, wala sitaki desturi hiyo ife. Lakini mtoto akiona shuka ya babu yake imeshika moto jikoni, je, adabu ni kunyamaza? Atasema, “Babu, samahani, shuka inaungua,” na babu hatamwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Heshima ina maneno yake ya kusemea jambo gumu. Hofu haina maneno. Tumezichanganya mbili hizi kwa muda mrefu, na aghalabu aliye juu ndiye apendaye zichanganyike, maana zikichanganyika yeye hastarehe ila anapopewa zote mbili.

Yuko mwanamke mmoja wa Marekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, jina lake Amy Edmondson. Katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji dawa katika hospitali, wadi kwa wadi. Alitazamia ya kuwa wadi zenye umoja na uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume: wadi zilizosifiwa ndizo zilizoandikiwa makosa mengi zaidi. Alishangaa, kama ambavyo sisi tungeshangaa. Kisha akatambua kwamba wauguzi wa wadi zile hawakukosea zaidi, walisema zaidi. Katika wadi nyingine makosa yalikuwapo, ila yalifichwa, na mkuu wa wadi alilala usingizi mzuri. Habari hizo alizichapisha mwaka 1996, na mwaka 1999 akachapisha nyingine juu ya vikundi 51 vya kiwanda kimoja, akionyesha kwamba vikundi vyenye usalama wa moyo hujifunza zaidi, na kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi. Basi mkubwa wa ofisi ambaye mwezi mzima umepita hajaletewa kosa hata moja, asifurahi. Aogope.

Na mkidhani kwamba haya ni mambo ya makaratasi tu, kumbukeni ajali ya tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ambapo ndege kubwa mbili ziligongana chini, katika ukungu, wakafa watu 583. Katika chumba cha marubani wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka, fundi wa ndege alikuwa na shaka, akauliza kama ndege ya pili haijatoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa mwalimu wa marubani wenziwe, akajibu kwa mkato kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Baada ya ajali hiyo na nyingine za namna yake, shirika la NASA liliitisha mkutano mwaka 1979, na tangu hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo namna ya kusema mara ya pili, na kuwafundisha wakubwa namna ya kuuliza. Hawakuwaambia tu wawe jasiri. Waliweka utaratibu.

Neno hilo, utaratibu, ndilo nililolijia hapa jioni hii, na historia ya nchi yetu yaonyesha sababu yake.

Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Unguja, na ambaye alikuwa karani, aliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, Wakristo na Waislamu pamoja. Vyama kama hiki chetu vyaweza kujihesabu wajukuu wake. Kwa nini makarani wale walihitaji chama? Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja yaonekana wazi: mezani kwa Bwana Shauri karani alikuwa wa kutafsiri na kunakili, si wa kutoa shauri. Wakajijengea nje ya ofisi mahali pa kusema. Miaka karibu 50 ikapita, nchi ikapata uhuru, na mwaka 1970 Rais Nyerere akatoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili neno la mfanyakazi liingie ndani ya kazi yenyewe. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao katika kifungu chake cha 15 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu.

Wazee waliokuwa kazini siku zile husema kwamba kifungu cha 15 watu walikijua kwa moyo. Viwandani kazi zikasimama mara nyingi, wafanyakazi wakidai wakubwa wenye matusi waondolewe. Na mwaka 1973 katika kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendelea na kazi wenyewe. Serikali ilipoona mambo yanazidi, ikabana, na sauti zikashuka tena. Mimi nasoma habari hizo hivi: watu walipewa ruhusa kubwa ya kusema, lakini hawakupewa namna ndogo ya kusema kila siku. Maneno yakakusanyika kama maji nyuma ya boma, na yalipotoka yalitoka kwa kishindo. Baraza lilikuwapo, lakini lilikuwa la wajumbe, na ndani yake mameneja walikuwa na sauti kubwa. Hata leo, chini ya Sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma, mabaraza ya wafanyakazi yamo katika taasisi zetu, nayo yana faida yake, hasa kwa bajeti na maslahi. Walakini hukutana mara chache kwa mwaka. Kijana wa kurasa mbili hakuwa na haja na kikao cha baraza. Alihitaji dakika moja, asubuhi ya siku ile.

Sasa niwaeleze namna hiyo ndogo ya kila siku.

Februari 2001 watu 17, watengenezaji wa programu za kompyuta, walikutana mlimani Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka kuona programu zikitengenezwa kwa miaka, kwa makaratasi mengi, na zikimalizika wenye kuziagiza wakasema, siyo hii tuliyotaka. Wakaandika tamko fupi juu ya njia yao, wakaiita ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Mojawapo ya njia hizo huitwa skramu, neno la mchezo wa raga, lililoingizwa katika habari za kazi na Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, katika makala yao ya mwaka 1986. Kazi kubwa hukatwa vipande vya juma moja au mawili. Kila asubuhi kikundi husimama pamoja kwa dakika 15 zisizozidi, na kila mtu husema amefanya nini, atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Kazi zote huandikwa kwenye kadi, zikabandikwa ubaoni: zinazongoja, zinazofanywa, zilizokwisha. Mwisho wa kipande, kazi huonyeshwa mwenye kuihitaji. Halafu kikundi hukaa peke yake na kutazama nyuma, kijiulize kazi ilikwendaje na nini kibadilike.

Mtasema, hayo ni mambo ya kompyuta. Nami nasema nusu yake yalitoka viwandani Japani, na yamekwisha fika kwetu kwa mlango mwingine. Katika kiwanda cha Toyota mfanyakazi wa chini aweza kuvuta kamba na kuita msaada, na mstari mzima wa kazi ukasimama, akiona dosari. Mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza utaratibu wa kaizeni, ukaenea kisha katika hospitali nyingine za nchi. Vikundi vidogo vya watumishi wa kila sehemu hukaa na kutaja wenyewe matatizo ya sehemu yao, kuanzia kabati lisilopangwa hadi mgonjwa anayengoja mno, na kuyatengeneza wenyewe. Mbeya si mbali.

Kwa nini taratibu hizi hupunguza hofu? Nimelifikiri sana jambo hili, na naona sababu mbili. Ya kwanza, kosa la juma moja ni dogo. Ni rahisi kusema “kurasa mbili zimerukwa” siku ya tatu. Siku ya tisini ni kama kukiri mauaji. Ya pili ni kubwa zaidi. Katika ofisi zetu kusema ni tendo la kipekee: mtu ainuke kitini, abishe mlango, aseme “samahani mzee,” na macho ya wote yamfuate. Kumbe asubuhi ile ya kusimama pamoja kila mtu huulizwa kwa zamu yake, “Nini kimekukwamisha?” Kusema kumekuwa wajibu, na anayenyamaza ndiye anayeonekana. Hapatakiwi tena shujaa.

Kwa ofisi ya kwetu ningependa ianze hivi. Watumishi wa sehemu moja, wasizidi tisa, wasimame mbele ya ubao saa mbili kasorobo. Ubao si lazima uwe wa fedha nyingi. Karatasi ngumu ya manila na vipande vilivyokatwa vyatosha. Aliyekwama abandike kadi nyekundu, na kadi hiyo maana yake ni moja tu: nisaidieni. Mkubwa aseme mwisho. Hili nalitilia mkazo, kwa sababu mkubwa akisema kwanza wengine wote watasema kama yeye, hata wakiwa tisini. Na mara kwa mara mkubwa mwenyewe abandike kadi nyekundu yake. Siku mkuu wa sehemu atakaposema mbele ya karani masijala, “Waraka huu sikuuelewa, nani ameuelewa?” siku hiyo atakuwa amefanya kazi ambayo semina kumi haziwezi kuifanya.

Kikao cha kutazama nyuma kina mtego wake. Kiswahili chetu cha ofisini kimezoea swali la “nani”. Nani aliandika, nani alipitisha, nani alipeleka. Katika kikao hicho swali liwe “nini” na “kwa namna gani”. Kurasa zilirukwaje? Kwa kuwa madaftari yalikuja bila namba za kurasa, na mtu mmoja alinakili peke yake mpaka usiku. Basi tutie namba, na wawili wasomeane. Mkianza na “nani” mtapata jina, kisha hamtapata kitu kingine.

Hapa najua ndugu zangu wa hesabu watauliza juu ya wizi. Ni haki yao. Aliyechukua fedha za umma hakukosea, ameiba, na njia yake ni ile ya sheria. Kadhalika mtu aonywaye mara tatu juu ya uzembe ule ule. Usalama wa moyo haumfichi mwizi; nadhani humfichua upesi, maana ofisi ambayo hapana anayethubutu kuuliza risiti iko wapi ndiyo shamba lake zuri.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko upinzani wa wazee, nalo ni kwamba mkubwa mkali aweza kuzipenda taratibu hizi upesi mno. Ataugeuza mkutano wa asubuhi uwe wa kuita mahudhurio, na ubao uwe daftari la mashtaka. Kadi nyekundu tatu, barua ya kujieleza. Ikiwa hivyo, ni heri tusianze, kwa kuwa watu watajifunza kubandika kadi za uongo, na uongo uliopangwa ni mbaya kuliko ukimya. Kwa hiyo liwepo agano mapema, tena liandikwe: kilichosemwa mbele ya ubao hakitatiwa katika jalada la mtu, wala hakitatumika kumpimia utendaji wake wa mwaka. Mkuu akikataa kutia sahihi agano hilo, mmekwisha pata habari mliyoihitaji.

Tena tusitazamie mambo makubwa kwa haraka. Majuma ya kwanza kila mtu atasema, “Mimi sina tatizo.” Muda huo ni wa kuvumilia. Aghalabu wa kwanza kusema kweli atakuwa mtumishi wa chini kabisa, dereva au mhudumu, na atasema jambo dogo, kama vile ufunguo wa ghala kukaa kwa mtu mmoja. Jambo hilo dogo lirekebishwe siku ile ile, mbele ya macho yao. Wengine watakuwa wakitazama ili kujua kama maneno haya ni ya kweli.

Bwana Mwenyekiti, nimemwachia Bwana Katibu nakala za agano hilo, ukurasa mmoja tu, na mfano wa ubao uliochorwa. Sehemu tatu zimekwisha sema kwamba zitajaribu kwa majuma manane, na katika mkutano wetu ujao watumishi wa sehemu hizo, kuanzia wadogo, watatueleza walichoona. Sasa niko tayari kwa maswali, hasa ya wale wasiokubaliana nami.